Begi ya Dawa Nilifungia mu Biro

Kosa ni yangu. Nianzie pale, juu nimechoka kuizungusha. Siku za kwanza nilikuwa nasema ni mapenzi ya Mungu, nasema ugonjwa haibishi hodi, na batu benye roho muzuri bananitikisia kichwa. Hapana. Mutoto alikufa juu yangu. Mi njo nilifunga mulango.

Jina yangu siandike. Hapa Bunia benye kunijua banajua tayari, na weye mwenye hunijui, jina haitakusaidia kitu. Ujue paka vile tu: mi ni mwalimu ya sport ku masomo moya ya sekondari, na disipline pia iko mu mikono yangu. Banafunzi bananiogopa. Mbele nilikuwa nafurahi juu ya ile.

Mutoto mwenyewe alikuwa Rebeka, mutoto ya dada yangu. Dada yangu alikimbia vita kutoka Djugu na batoto yake tatu, bakafikia kwangu hapa Bunia, kartie ya Rwambuzi, na godoro moya na sufuria. Yeye sasa anafanya biashara ya samaki ya kukausha: anashuka Mahagi-Port ku ziwa, anakaa kule wiki moya, wiki mbili, anarudi. Batoto banabakia na mi. Kila mara akipanda ku lori ananiambia, mi kaka yake mukubwa, paka neno moya: "Yaya, kifua ya Rebeka." Na mi namujibu: "Enda, dada. Iko kwangu."

Juu Rebeka alikuwa na ugonjwa ya pumzi. Kifua ilikuwa inamukamata, analia sawa filimbi ndani. Lakini akivuta kapompi kake ka dawa mara mbili, anakaa kidogo, anaamuka, anacheka batu benye baliogopa. Na mupira alijua! Myaka kumi na tano, mwembamba, akikimbia pembeni pale huone miguu. Ile kapompi alikuwa anaitia mu kamufuko ka pembeni ya begi yake ya masomo, na ile begi, siku ya kucheza, rafiki yake Solange anaikalia ku benchi. Bote bawili balijipangia ile bila mwalimu, bila prefe, mukubwa ya masomo. Plani yetu ya ugonjwa, masomo muzima, ilikuwa paka Solange.

Sasa sikia vile nilivunja hata ile.

Ilikuwa siku ya mupira ya amani. Basichana ya masomo yetu na basichana ya masomo moya ya upande ile ingine, benye tulipigana nao mu vita. Unajua upande gani, sina haja ya kusema. Wakati ile bunduki zilikuwa zimenyamaza kidogo mu muji, soko inafunguka, lakini mutu akiangusha sahani kwa jirani, nyumba tatu banasimama. Amani ya vile. Batu banasalimiana na macho iko ku mikono ya mwenzake.

Prefe yetu alinipatia kazi ya kupanga kila kitu. Nilipanga wiki mbili. Nilichora kiwanja ku ubao: polisi hapa, basuporta yetu huku, yao kule, kamba katikati. Moto, zile pikipiki, hakuna kuingia, zinasimama chini ku bariera ya barabara kubwa. Na begi zote, ya banafunzi, ya bageni, ya nani na nani, zinaachwa ku mulango, zinafungiwa mu biro yangu, ofisi ya disipline, mpaka mupira iishe.

Ile mambo ya begi, nikueleze. Mi niliona mupanga ikitoka mu kifuko ya mihogo. Nilikuwa kijana, mutu alikuya kwetu na kifuko ku kichwa, akatusalimia muzuri, akaomba maji. Sitaandika zaidi. Tangu ile siku, mutu akinifikia na begi, mi siangalie sura yake. Naangalia begi.

Mu mukutano, mwalimu ya biolojia, Madame Aline, alinyoosha mukono. Ni mwanamuke ya kimya, hasemake mingi. Akauliza, "Na mutoto akianguka?"

Nikamujibu, "Ataamuka."

Bamwalimu bakacheka. Mi pia nikacheka. Yeye akaandika kitu mu karatasi yake.

Kisha barua ya bale bageni ikafika, na majina ya benye batakuya. Ndani mulikuwa na mama moya infirmiere, muuguzi. Prefe alifurahi, mi nikakunja uso. Nikamuambia, "Prefe, banaleta munganga juu ya nini? Kwani banajua tayari mutu ataumia?" Ona akili yangu. Mutu analeta dawa, mi naona ni alama ya vita. Prefe akanitazama sana, akasema, "Fanya vile unaona, mwalimu. Weye njo unajua usalama."

Siku yenyewe, saa nane, mi nilisimama ku mulango na zamu yetu, Papa Bosco, muzee mwenye analinda masomo tangu zamani. Batoto yetu njo balipita kwanza. Rebeka akafika na Solange, amevaa muguuni soksi zenye hazifanane. Akanipatia begi, kisha akashusha sauti.

"Noko, kapompi kangu iko ndani."

Noko ni mujomba. Ku masomo alikuwa ananiita "mwalimu" sawa banafunzi bote. Ile siku aliniita noko. Alijua anaomba nini.

Nyuma yake mulikuwa basichana makumi, bote banasikiliza. Nikawaza: nikitoa yake, batasema mwalimu anapendelea mutoto ya dada yake. Nikamuambia kwa sauti yenye bote basikie: "Leo hakuna mutoto ya mutu. Begi ni begi. Mapumziko ikifika utavuta."

"Lakini noko..."

"Enda ujipange, Rebeka."

Akaenda. Alinigeukia mara moya, bila kukasirika. Ingekuwa muzuri angekasirika.

Kisha bageni. Mama infirmiere alikuwa mutu ya makamo, mufupi, kitambaa ya kijani ku kichwa, na begi kubwa nyeusi yenye kamba imeshonwa mara mbili. Nikanyoosha mukono.

Akasema, "Mwalimu, hii ni dawa."

"Mama, siye bote tumeacha."

"Najua. Lakini dawa ikikaa mbali na mutoto, iko dawa ya nani?"

Polisi mwenye alikuwa pale akasema nimuachie, anaweza kuifungua tuangalie. Mama yeye mwenyewe akaanza kufungua kamba. Nikakataa. Sikutaka hata kuona ndani. Nikasema, "Hakuna kufungua, hakuna kuingia nayo." Mwisho akaniwekea ile begi ku mikono, taratibu, sawa mutu anakupatia mutoto mwenye analala.

"Sawa, mwalimu. Basi fungulo ibakie karibu."

Nikacheka kidogo. Nikaitupa begi yake juu ya zingine, nikafunga. Mulango ya biro yangu ni ya chuma, tuliiweka wakati ya vita, na dirisha iko na vyuma. Fungulo nikapatia Papa Bosco, na Papa Bosco nikamutuma chini ku bariera akataze moto kupanda. Niliwaza fungulo ikikaa mbali na batu, njo usalama.

Mupira ikaanza. Ilikuwa jua kali, na vumbi. Nisikudanganye, ilikuwa siku muzuri. Kipande ya kwanza basuporta ya huku balipigia makofi musichana ya kule mwenye alipita batu tatu. Niliona bamama ya pande mbili banagawana maji juu ya kamba yangu. Rebeka alikimbia ile siku kuliko siku zote. Nilijisemesha, angalia, mwalimu, angalia vile umepanga.

Kabla ya mapumziko alisimama. Paka vile, bila mutu kumugusa. Akaweka mikono ku magoti. Mi nilijua mbele ya bote, juu ile mugongo naijua kutoka nyumbani. Solange alikuwa ameisha simama ku benchi, mikono mitupu, anaangalia chini fasi begi inakaaka.

Rebeka akapiga magoti, kisha akalala pembeni.

Basichana bakalia kwa sauti. Na pale, ndugu yangu, pale njo ujue muji yetu. Benye balikuwa nyuma habakuona mutoto ameanguka. Balisikia paka kelele kutoka katikati, na mu muji hii kelele kutoka katikati iko na maana moya. Mutu akasema "Imeanza!" na bote bakakimbia. Bamama bakanyakua batoto, kamba ikakatika, viatu ikabakia ku nyasi. Polisi bakakimbilia mulango juu balidhani vita iko kule.

Mutu moya tu alikimbia kuelekea ndani. Ile mama. Alifika kwa Rebeka mbele yangu, akamukalisha, akamuegemeza mbele ku mikono yake, akaniinulia macho.

"Begi yangu iko wapi?"

Nikaonyesha biro.

"Basi leta!"

Nikakimbia ku bariera. Ni mbali, ndugu yangu, nilipanga mi mwenyewe ikuwe mbali. Papa Bosco hakuwa pale. Alisikia zile kelele, akaona batu banashuka mbio, na yeye alishazika bana bawili mu vita. Alikimbilia nyumbani kufungia benye balibaki. Na fungulo mu mufuko. Moto pia zote zilikuwa zimekimbia. Simulaumu ile muzee. Angebakia angekuwa mutu ya ajabu.

Nilirudi. Nilipiga ile mulango na jiwe, na bega, na muguu. Basichana ya pande mbili balikuwa banapiga na mi. Mulango ilikuwa muzuri sana. Tulinunua chuma ya nguvu.

Nilipomurudilia Rebeka, midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mama alikuwa anamusemesha pole pole ku sikio: "Toa pumzi, mutoto yangu, toa pole, niko hapa." Anamuita mutoto yake. Rebeka hakuweza kusema tena. Aliniona. Akainua kidole, akaonyesha biro.

Hakuonyesha kwa kunishitaki. Alikuwa paka anaomba begi yake.

Mwalimu ya bale bageni akamubeba ku mugongo, akashuka naye mbio mpaka barabara kubwa, mama nyuma anamushika kichwa. Balipata moto mbele kule. Mi nilikimbia nyuma yao. Vile nilifika ku hospitali, mama alikuwa anakaa chini inje, ku sementi, kitambaa ya kijani mu mikono. Hakunitazama. Nikajua.

Jioni, bavijana balivunja mulango na chuma ya gari. Nikaingia peke yangu. Nilifungua begi zote, moya moya, sijue nilitafuta nini. Pengine nilitaka nipate kisu moya tu, kamoya, nijiambie niliokoa mutu. Mulikuwa viatu, mihogo ya kuchemusha, Biblia ndogo, chupa ya maji, kalamu, shati ya kubadilisha. Kisu hakuna. Mu begi nyeusi, mulikuwa pompi sawa ya Rebeka, mpya, ndani ya karatasi yake.

Mpaka pale ilikuwa ujinga. Sasa nikuambie zambi.

Dada yangu alifika kesho yake na lori, ananuka samaki na ziwa, mutu alimuambia njiani. Akaniuliza, "Yaya, ilikuwa nini?" Nikasema, "Ugonjwa ilikuya kwa nguvu. Tulifanya yote." Tulifanya yote! Mu kinywa yangu.

Na mu kilio, batu bakaanza kunungunika. Ile mama alimugusa. Alimunusisha kitu. Mbona yeye njo alifika wa kwanza? Mbona bale balikuya na munganga, balijua nini? Ile maneno nilijua inatoka wapi. Niliisema mi mwenyewe mu biro ya prefe, na mutu aliisikia akaizungusha mu muji. Sasa ilinirudilia na meno. Bavijana ya avenyu balisema mambo ya kwenda kule. Na mi nilikaa pale na kopo ya chai, mutu moya tu mwenye alijua ukweli yote, nikakunywa chai.

Siku ya tatu, saa tisa, avenyu ikanyamaza. Niliinua macho. Ile mama alikuwa anakuya kwa miguu, na basichana tatu ya ekipi yao, mu kartie yenye batu yao habakanyagake. Bavijana bakasimama ku mulango ya lupango, ile ua ya nyumba yangu. Moya alikuwa na fimbo.

Mama hakurudi nyuma. Alisimama mbele ya mulango, akatandika kikwembe chini ku vumbi, akapiga magoti. Akafungua ile begi nyeusi. Akatoa vitu moya moya na kuipanga: pamba, bande, makasi ya mudomo butu, termometre, ile pompi ndani ya karatasi yake. Akageuza begi, akaikunguta, tuone hamubakie kitu.

Kisha akaniita. "Mwalimu, kuya uangalie. Ukimaliza, niingie nilie mutoto."

Hakusema kwa kunichoma. Niliangalia sura yake, mara ya kwanza kuangalia sura yake. Alidhani kweli njo sheria yangu, na kama njo mulango ya kuingia, atapita pale.

Nilikaa chini mu vumbi, karibu ya kile kikwembe, na nikasema. Mbele ya bote. Nilisema begi, nilisema fungulo, nilisema bariera, nilisema vile nilikataa hata kuona ndani. Kijana mwenye fimbo aliiweka chini. Hakuna mutu alinipiga. Nilitaka banipige.

Dada yangu alikuwa amesimama nyuma. Akauliza kitu moya.

"Alikuomba?"

"Aliniomba, dada."

"Weye ukasema nini?"

Nikamurudilia neno kwa neno. Leo hakuna mutoto ya mutu.

Hakulia. Alipita mbele yangu, akasaidia mama kurudisha vitu mu begi, akamushika mukono, akamuingiza ndani, bakakaa mukeka moya. Balilia pamoja mpaka jua ikashuka. Mi sikuingia.

Kisha ya kuzika, dada yangu alichukua batoto bawili benye balibaki akashuka nao Mahagi-Port. Nyumba yangu sasa unasikia saa ya ukuta. Mbele ya kupanda lori, alikuya mpaka fasi nilisimama. Nilidhani atasema neno yetu ya kila safari. Alitia kitu mu mukono yangu, akafunga vidole yangu juu yake, akapanda. Ilikuwa kapompi ya Rebeka, ile ya mu begi.

Weye mwalimu, weye prefe, weye muzazi mwenye unapanga siku ya mupira ya batoto, nisikilize, siombe unihurumie. Mutu akinyoosha mukono mu mukutano na kuuliza mutoto akianguka tutafanya nini, usicheke. Simama pale mpaka mupate jibu. Mujue ni nani iko na kifua, nani iko na ugonjwa ya moyo, nani anaangukaka, na dawa yake ikae fasi mukono inafika. Moto moya ibakie ndani, na mwenye kuiendesha asiende kuangalia mupira. Fungulo usipatie mutu mwenye utatuma mbali. Na mutu ya upande ile ingine akikufikia na begi ya dawa, muangalie sura. Fungua uone kama unaogopa, hakuna mubaya, yeye mwenyewe atakusaidia kufungua. Lakini muache apite nayo.

Dada yangu hajarudi. Natuma salamu na malori, salamu hairudi.

Kapompi natembea nayo mu mufuko ya shati kila siku, hata kanisani. Mara moya tu nilijaribu kuifinya, kuona kama pengine ilikuwa imeisha, kama pengine haingemusaidia hata angekuwa nayo.

Ilitoa muzuri.